Biashara za Kijamii Zinazovuka Mpaka: Mafunzo Gani, na Mlezi Gani?

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama kumi na wanane wa wadi ya Kamenu. Wanashona sodo za kufua, wanaziuza Thika na Murang'a, na kwa miaka minne sasa wamekuwa wakizipeleka Arusha kupitia Namanga. Kwa kila pakiti kumi wanazouza, moja hupewa msichana wa shule bila malipo. Kikundi hiki tumekibuni kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote anayefanya kazi ya namna hii atakitambua.

Akina mama hawa hawahitaji mtu wa kuwafundisha maana ya faida na hasara. Wanaweka daftari, wana akaunti ya benki, na mhasibu wao anajua kujaza fomu za kodi kuliko wengi wetu. Kinachowakwamisha ni mambo ambayo hawajawahi kuyasikia katika semina yoyote waliyoalikwa. Mzigo umezuiliwa Namanga siku tatu kwa kukosa karatasi moja. Mnunuzi wa Arusha anasema bei imepanda kwa sababu ya kodi ambayo hapa Kenya haipo. Wakati huo wasichana walioahidiwa pakiti za bure muhula huu wanasubiri, maana pakiti zao hutokana na mauzo yaliyokwama.

Makala haya yanahusu msaada wa mafunzo na ulezi kwa biashara kama hiyo: biashara ya kijamii, iliyokomaa, inayouza ng'ambo ya mpaka. Yapo mafunzo mengi. Yanayofaa biashara ya namna hii ni machache, na mkazi anayejua tofauti atajiokolea muda na nauli.

Ni biashara ipi hasa?

Biashara ya kijamii ni ile inayouza bidhaa au huduma kama nyingine yoyote, lakini ilianzishwa ili kutatua shida ya watu, na mapato yake hurudi kwenye kazi hiyo. Si shirika la misaada linalosubiri mfadhili, wala si duka la mtu binafsi linalotoa sadaka mwezi wa Desemba. Kenya haina sheria moja inayoitwa ya biashara za kijamii. Kwa hiyo utazikuta zimesajiliwa kwa sura mbalimbali: kampuni ya kawaida, kampuni yenye dhamana isiyo na hisa, chama cha ushirika, shirika la manufaa ya umma, au kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022.

Sura hiyo si jambo la karatasi tu. Kikundi cha kijamii kinatosha kabisa kuanzia, na vingi vya Thika vilianza hivyo. Lakini mnunuzi wa Kampala au Kigali anayetaka kusaini mkataba wa mwaka mzima mara nyingi huuliza kampuni au ushirika, na programu nyingi za kukuza biashara huuliza vivyo hivyo. Swali la kwanza ambalo mlezi mzuri atawauliza ni hili: mlisajiliwa kama nini, na je, usajili huo bado unawatosha?

"Iliyokomaa" nayo ina maana yake. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 inazihesabu kuwa ndogo zaidi zile zenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na watu chini ya kumi, na kuwa ndogo zile zenye mauzo kati ya shilingi 500,000 na milioni 5 na watu kati ya kumi na hamsini. Biashara nyingi tunazozizungumzia zimo katika kundi hili la pili. Zimepita hatua ya kuanza, ila hazijafika pale benki zinapozifuata zenyewe. Hapo katikati ndipo msaada huadimika.

Angalia tu misaada inayotangazwa zaidi. Wakfu wa Tony Elumelu wa Nigeria, ambao tangu 2015 umewapa wajasiriamali wa Afrika mtaji wa dola 5,000 pamoja na mafunzo, unawalenga walio na wazo au biashara isiyozidi miaka mitano. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza na mikopo midogo ya mtu binafsi. Zote zina kazi yake. Lakini kikundi cha miaka minane chenye wafanyakazi kumi na wanane na wateja katika nchi mbili hakijioni humo, na kikijilazimisha kuingia kitafundishwa tena kuandika mpango wa biashara ambao tayari kinao kabatini.

Darasa na mlezi ni vitu viwili

Watu huchanganya mafunzo na ulezi. Mafunzo ni darasa: mwalimu mmoja, wanafunzi wengi, somo lilelile kwa wote. Ulezi ni mtu aliyepita njia hiyo kukaa nawe mara kwa mara, akaangalia biashara yako wewe na si biashara kwa jumla.

Ushahidi wa tofauti hiyo haujatoka mbali. Ulitoka Dandora, safari ya matatu mbili kutoka Thika. Watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa wanawake wenye biashara changa katika makundi. Baadhi walipata darasa la biashara. Wengine waliunganishwa na mwanamke mzoefu wa mtaa uleule aliyekuwa na biashara iliyosimama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walioingia darasani walibadilisha namna ya kuweka hesabu, lakini faida yao haikupanda. Waliopata mlezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Sehemu ya siri yake ilikuwa jambo dogo tu: mlezi aliwaonyesha mahali pa kununua bidhaa kwa bei nafuu.

Lakini utafiti huohuo una habari ya pili, ambayo watu wanaoutaja huiruka. Manufaa yalikuwa makubwa mwanzoni, kisha yakafifia kadiri wenzi hao walivyoachana. Mlezi alipokwenda, alichokijua kilikwenda naye. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo linaloamua kama ulezi utakufaa mwaka ujao au la.

Je, lazima mlezi awe jirani? Si lazima. Nchini Uganda, watafiti waliwafuatilia wafanyabiashara 930 na kuwaunganisha baadhi yao na wataalamu wa masoko waliojitolea kutoka nchi nyingine, wakizungumza nao kwa simu na intaneti. Mauzo ya waliosaidiwa na wataalamu hao yalikua kwa takriban nusu kuliko ya wenzao wasiosaidiwa. Kwa hiyo umbali si tatizo. Katika visa vyote viwili mlezi alikuwa na ujuzi mahususi ambao mwenye biashara hakuwa nao: Dandora ulikuwa wa wauzaji wa jumla, Uganda ulikuwa wa soko. Kwa anayevuka mpaka, ujuzi huo ni wa mpaka wenyewe.

Anachokijua mtu aliyevuka

Turudi kwa akina mama wetu wa sodo, maana bidhaa yao inaonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine.

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, kabla ya nchi karibu zote duniani. Uganda ilifuata mwaka 2017. Tanzania iliondoa mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata, serikali ikisema bei madukani haikushuka. Rwanda iliondoa Desemba 2019. Bidhaa moja, nchi nne jirani, na historia nne tofauti. Kikundi kilichopanga bei yake ya Arusha mwaka 2018 kililazimika kuipanga upya mwaka uliofuata, na ambacho hakikuwa na mtu wa kukiambia kilijua pale mnunuzi alipolalamika.

Halafu kuna ushuru wa forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Umoja wa Forodha tangu 2005, na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru zikihamishwa kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Kwa wafanyabiashara wadogo kuna utaratibu uliorahisishwa: mzigo usiozidi dola 2,000, ambazo ni zaidi kidogo ya robo milioni ya shilingi, unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani, mradi bidhaa hiyo imo katika orodha iliyokubaliwa. Mzigo ukizidi hapo, unahitaji cheti kamili cha asili, nacho hutafutwa kabla lori halijaondoka Thika.

Watu wengi husikia "hakuna ushuru" na kudhani hakuna chochote. Sivyo. Cheti cha asili huondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani ya nchi unayoingia, kama inatozwa bidhaa hiyo, inabaki palepale. Vibali vya afya na usalama vinabaki. Chakula na mimea vinahitaji cheti cha ukaguzi wa afya ya mimea, ambacho hapa kwetu hutolewa na KEPHIS.

Na "asili" yenyewe ina mtego. Kitambaa kikiwa kimetoka China na kazi ya Kamenu ni kukata na kushona tu, je, sodo hiyo ni bidhaa ya Kenya? Kanuni za Asili za Jumuiya za mwaka 2015 zinajibu swali hilo kwa kila aina ya bidhaa, na jibu si lilelile kwa zote. Kama kitambaa kimefumwa hapahapa Kenya, mazungumzo huwa mafupi zaidi. Kikundi kinaweza kugundua, kwa nusu saa ya kuzungumza na mtu anayejua, kwamba kubadilisha muuzaji wa kitambaa kunakiokolea pesa nyingi kuliko kupunguza mshahara wa fundi.

Alama ya ubora nayo husafiri. Chini ya sheria ya Jumuiya ya viwango ya mwaka 2006, nchi wanachama hutambua alama za ubora za wenzao, kwa hiyo bidhaa yenye alama ya Shirika la Viwango la Kenya haifai kupimwa upya kana kwamba imetoka mwezini. Hiyo ni sheria. Mpakani, afisa anaweza bado kuuliza, na anayejua kutaja sheria hiyo kwa utulivu huvuka mapema kuliko anayebishana.

Hata mfuko wa kufungia una habari yake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 28, 2017, na Tanzania Juni 1, 2019. Anayefungasha kwa plastiki kwa sababu ndiyo rahisi asiuachie mpaka umfundishe. Aulize kabla ya kuagiza.

Zito kuliko yote hayo ni hili. Mwezi wa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina kumi na tano za biashara, zikiwemo uuzaji wa jumla na rejareja, huduma za kutuma pesa kwa simu, na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010. Lakini kwa kikundi kilichokuwa kikipanga kufungua kibanda chake Arusha, malalamiko ya serikali hayauzi sodo. Njia yao ni kufanya kazi na mshirika wa huko, chama cha wanawake au duka la Mtanzania, kwa mkataba ulioandikwa. Hapo mlezi aliyewahi kutafuta mshirika ng'ambo, akapata mzuri au akaumwa na mbaya, ana thamani kubwa. Na kwa kuwa mambo haya hubadilika, ulizeni hali ilivyo wiki mnayosafiri, si ilivyokuwa mwaka jana.

Usafiri wa watu ni rahisi zaidi upande wa magharibi kuliko kusini. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wasafiri kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo anayekwenda Namanga abebe pasipoti au hati ya muda. Vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, vimepunguza foleni. Cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na cha Namanga Desemba mwaka huohuo.

Waliotangulia

Biashara za kijamii za eneo letu zimevuka mipaka, na safari zao zina somo kwa anayetafuta ulezi. One Acre Fund, inayowakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea na kuwafundisha, ilianza Bungoma mwaka 2006. Mwaka uliofuata ilikuwa Rwanda, ambako wakulima wanaijua kwa jina la Tubura. Kwa mkulima wa huko, Tubura ni ya kwao. Afripads ilianzishwa mwaka 2010 katika kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka, Uganda, ikishona sodo za kufua, na bidhaa zake zimevuka mipaka ya Uganda kwa muda mrefu sasa. Karibu zaidi na nyumbani, kiwanda cha majiko ya Burn kipo Ruiru, na majiko yanayotoka humo yanapikia watu nje ya Kenya.

Hatusemi kikundi cha Kamenu kiige kampuni hizi. Zina mitaji ambayo wengi hawana. Lakini watu waliofanya kazi humo, maafisa wa usafirishaji, wahasibu, wasimamizi wa mauzo, wengine ni wakazi wa kaunti hii. Baadhi wamestaafu, wengine wamefungua biashara zao. Ukitafuta mlezi usiangalie majukwaa ya mikutano ya Nairobi peke yake. Msimamizi wa zamani wa ghala aliyejaza hati za forodha kwa miaka kumi katika kiwanda cha Thika huenda akakufaa kuliko mzungumzaji maarufu, na huenda anaishi mtaa wa pili.

Msaada uliopo

Wakala wa Kukuza Mauzo ya Nje na Chapa ya Kenya, KEPROBA, uliundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mashirika mawili ya awali, na kuwaandaa wauzaji wa nje ni sehemu ya kazi yake. Mamlaka ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi, iliyoundwa na sheria ile ya 2012, hushughulikia mafunzo na maeneo ya kazi. KenTrade, inayoendesha mfumo wa kitaifa wa kuomba vibali vya biashara ya nje kwa njia ya kielektroniki, ina tovuti ya Infotrade Kenya inayoeleza hatua kwa hatua karatasi zinazohitajika kwa bidhaa mbalimbali. Kaeni nayo jioni moja kabla ya kumtafuta mlezi yeyote. Mtakwenda kwake na maswali ya maana.

Kwa biashara za kijamii hasa, Acumen huendesha mafunzo ya uongozi kwa viongozi wa Afrika Mashariki, na Kituo cha Miller cha Chuo Kikuu cha Santa Clara, Marekani, kimekuwa tangu 2003 kikiziunganisha biashara za kijamii za nchi nyingi na wasimamizi wazoefu wa kampuni za California wanaojitolea. Wanawake wana jukwaa la mtandaoni la 50 Million African Women Speak, lililoundwa na EAC, COMESA na ECOWAS kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Programu hizi hufungua na kufunga maombi kwa nyakati zake, na ushindani ni mkali. Ukikataliwa mara ya kwanza, omba maelezo ya sababu. Hayo nayo ni mafunzo.

Vyuo vikuu visisahauliwe. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kipo hapa Thika, JKUAT ipo Juja. Mwanafunzi wa uhasibu au usafirishaji anayetafuta mahali pa mafunzo kazini anaweza kuwapangia hesabu za miezi sita. Si mlezi, lakini atawaandaa kumpokea mlezi.

Eneo letu bado lina pengo moja. Kisiwani Ireland, ambako mpaka unakata kati ya nchi mbili, serikali za pande zote mbili ziliunda shirika moja mwaka 1999, InterTradeIreland, lenye makao yake Newry, na kazi yake ni biashara inayovuka mpaka huo. Mfanyabiashara mdogo wa upande wowote ana mlango mmoja wa kubisha. Sisi tuna milango mingi, na kila mmoja una sehemu ya jibu. Ndiyo sababu ulezi una uzito zaidi kwetu. Mlezi ndiye anayejua mlango upi ni wa swali lipi.

Kaunti inaweza nini, haiwezi nini

Tuseme wazi, maana wananchi huja ofisini na matumaini ambayo si ya ofisi hiyo. Ratiba ya Nne ya Katiba inaipa kaunti kazi ya kuendeleza na kudhibiti biashara: masoko, leseni za biashara, na vyama vya ushirika. Biashara ya kimataifa imo upande wa serikali ya kitaifa, pamoja na forodha na mipaka. Afisa wa kaunti hawezi kuufungulia mzigo wako Namanga. Hawezi pia kukupa cheti cha asili ya bidhaa.

Anachoweza ni hiki. Afisa wa ushirika anaweza kuwasaidia kuandaa katiba ya chama na hesabu zinazokaguliwa, kazi ambayo biashara nyingi za kijamii huikimbia hadi siku mfadhili anapoiomba. Afisa wa biashara anaweza kuwaeleza mnachokosa na kuwaelekeza kwenye ofisi ya kitaifa inayohusika. Leseni yenu ya biashara ya kaunti, ikiwa hai na ikiwa na jina lilelile lililo kwenye usajili, ni karatasi ya kwanza ambayo programu nyingi huomba. Jina likitofautiana hata kwa herufi moja, rekebisheni sasa, si siku ya mwisho ya maombi.

Jiandaeni kabla ya mlezi kuja

Programu nzito za biashara zilizokomaa kwa kawaida huomba hesabu za miaka miwili au mitatu, cheti cha kutii kodi kutoka KRA, hati ya usajili, na majina ya wasimamizi. Hizo zinajulikana. Kinachowaangusha wengi ni ushahidi wa kazi ya kijamii. "Tumewasaidia wasichana wengi" si ushahidi. Daftari lenye jina la shule, tarehe, idadi ya pakiti na sahihi ya mwalimu ni ushahidi, na halihitaji kompyuta. Msiandike majina ya wasichana wenyewe. Idadi inatosha, na heshima yao inahifadhiwa.

Mkimpata mlezi, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: mtakutana mara ngapi, kwa miezi mingapi, mnataka kutatua nini, na atalipwa au hapana. Kama naye anauza bidhaa inayofanana na yenu, semeni mapema ni habari gani za wateja hataonyeshwa. Hilo si kumdharau. Mtu mwungwana atakubali, na asiyekubali amewajibu.

Tumnukuu tena yule mama wa Dandora aliyeachwa na mlezi wake, ingawa hatujui jina lake: kilichokuwa kichwani mwa mwingine hakikubaki. Kwa hiyo pelekeni watu wawili kwenye kila kikao, mmoja wao akiwa na umri mdogo. Kila jambo jipya liandikwe siku hiyohiyo katika daftari la kikundi, lenye anwani ya ofisi, jina la fomu, ada iliyolipwa na muda uliochukua. Vikundi vingi hupeleka mwenyekiti peke yake kila mara. Akihamia Nakuru, mpaka wa Namanga unahama naye.

Neno kuhusu madalali. Popote penye programu ya msaada hutokea mtu mwenye suti na faili anayeahidi kuwaingiza kwa ada ndogo. Kuelekezwa na ofisi ya umma si huduma ya kulipia chai. Malipo yoyote halali ya serikali yana risiti rasmi. Programu inayotaka pesa kabla hata haijasoma maombi yenu, ikimbieni.

Wakazi wa Kamenu wanaotaka kuanza wanaweza kwenda ofisi ya wadi na kuuliza afisa wa biashara au wa ushirika wa kaunti ndogo. Masuala ya usajili na kodi yanashughulikiwa pia katika Huduma Centre ya Thika. Njooni watu wawili, na vitu vitatu: hesabu za mwaka jana, orodha ya mahali mnapouza ng'ambo ya mpaka, na ile karatasi ya mwisho mliyokataliwa au kuulizwa mkaikosa. Kama hamkumbuki jina lake, simulieni tu kilichotokea mpakani, afisa alisema nini na mzigo ulikaa siku ngapi. Hapo ndipo tutaanzia.